Mwethya wa Ukumbini

Binti yangu aliponileta mjini Machakos, baada ya kumzika baba wa watoto wangu, nilimwambia wazi: nitakaa mpaka mvua ianze, kisha narudi kijijini kwangu Katangi. Alinipa chumba chenye dirisha, kitanda chenye godoro nene kama mkate, na televisheni kubwa kuliko meza. Kazi hakunipa. Asubuhi yeye anaenda ofisini, mjukuu wangu, msichana mwenye akili kuliko ukoo mzima, anaenda chuo, na mimi nabaki nikiangalia ukuta, ukuta nao unaniangalia. Ploti nzima, nyumba zote hizo za kupanga, hakuna anayejua jina la jirani. Mtu anafungua mlango, anachungulia, anatoka mbio kama panya. Nilikuwa nahesabu mawingu tu. Wingu moja jeusi la maana, ningeondoka.

Basi siku moja nachambua maharagwe jikoni, redio ya Kikamba ikasema: "Jumamosi asubuhi kutakuwa na mwethya pale ukumbini. Wote mnakaribishwa. Njooni na majirani."

Maharagwe yalinitoka mkononi.

Wewe uliyezaliwa mjini huenda hujui mwethya. Ni kazi ya wote kwa shamba la mmoja. Kule Katangi, nikiwa bado na meno yangu yote, filimbi ililia kabla ya jua na kina mama wakatoka kila mmoja na jembe lake. Leo kwangu, wiki ijayo kwako. Tulichimba mitaro ya fanya juu kwenye mteremko: unasimama ndani ya mtaro, udongo unautupa upande wa juu, ili mvua ikija isibebe shamba lako lote ikapeleka mtoni. Mgongo unauma lakini mdomo unaimba. Mmoja anatoa wimbo, wengine tunapokea, majembe yanashuka pamoja. Na vile tulivyokuwa na midomo! Tuliimba juu ya mume wa fulani anayelala mpaka jua limchome makalio, mwenyewe yuko palepale, anajifanya kukohoa. Nilipomzaa huyu binti yangu walikuja kunichimbia bila kuitwa. Nilikuwa kitandani, mtoto kifuani, nawasikia wakiimba nje. Sijawahi tena kulala vizuri kama siku ile.

Jumamosi nikavaa akala zangu za tairi, nikajifunga leso kiunoni, nikatia muthokoi, chakula chetu cha mahindi ya kukoboa, kwenye kopo. Jembe langu binti alikuwa amelificha nyuma ya mlango ili wageni wasilione. Nikalitoa, nikaliweka begani, nikapita nalo katikati ya mji. Vijana wa boda wakaniita, "Susu, bibi yetu, shamba limehamia mjini?"

"Limehamia kwa mama yako! Shuka uje ulime!"

Walicheka mpaka mmoja akaniinamishia kichwa.

Mlangoni pa ukumbi soja akanyoosha mkono. "Mama, hiyo silaha unapeleka wapi?"

"Kwa mwethya."

"Mwethya ni hapa, lakini jembe haliingii."

"Umeona wapi mwethya bila jembe? Nichimbe na kucha?"

Akakuna kichwa. "Mwaitu, mama yangu, hii ni ya kuangalia. Ni tamasha. Wameipa tu hilo jina."

Nikachungulia. Picha ukutani, vyondo vya katani vimepangwa mezani, vijana jukwaani wanajaribu maikrofoni. Masikio yaliniwaka moto. Watu wamevaa viatu vya kung'aa na mimi niko na akala na kopo la muthokoi! Nikasema moyoni, Jumatatu niko Katangi, mvua au jua. Niligeuka niende, ndipo nikaona jembe lingine limeegemezwa ukutani nyuma ya soja.

"Hilo ni la nani?"

"La mama mwingine kama wewe. Huyo amenitukana zaidi."

Nikaacha langu hapo, nikaingia kumtafuta. Hakunipa taabu. Alikuwa mstari wa mbele, amejifunga leso kama mtu anayengoja filimbi.

"Na wewe ni redio iliyokuleta?" nikamuuliza.

"Ni redio, dada yangu. Nimebeba hata maji ya kunywa."

Tulicheka hadi watu wakageuka. Alikuwa ametoka Ekalakala kuishi na mwanawe, na mke wa mwanawe hamruhusu kushika hata mwiko.

Wasichana wakapanda jukwaani na majembe ya mbao, wakaanza wimbo wa kuchimba. Waliuimba vizuri, sitadanganya. Wale niliouimba nao wengi wako chini ya udongo sasa. Mwenzangu akapokea kwa sauti, palepale kitini, na mimi nikapokea. Ukumbi wote unatutazama. Msichana wa mbele akatabasamu, mstari uliofuata akatutupia sisi.

Tulipotoka mwenzangu akasema, "Nyuma ya ploti yetu mvua ya mwaka jana ilikula njia ya watoto ya shule. Wanaruka shimo kama mbuzi. Watu wanangoja serikali."

"Majembe tunayo," nikasema.

Tulikwenda vile vile. Tulikuwa tumefika magotini ndani ya mtaro wa kugeuza maji, dirisha la juu likafunguliwa. "Nyinyi mmetumwa na nani?"

"Na mvua!" mwenzangu akajibu.

Mama wa dirishani alishuka, nikidhani anakuja kutufukuza. Alikuwa na koleo. Akafuata mwingine na ndoo. Nikawaambia kule kwetu asiyekuja bila sababu tulimchukulia kuku. Mmoja akasema hapa hakuna kuku, tutachukua rimoti ya televisheni, na wote wakaangua kicheko. Hapo nikatoa wimbo. Hawakuujua. Wakaupokea hivyo hivyo, vibaya, lakini pamoja.

Binti yangu alinikuta jioni nikiwa na matope mpaka mapajani. "Mama! Wingu limefunga Katangi, kaka amepiga simu kutoka huko. Nikukatie tiketi ya lini?"

"Mwambie apande mahindi mwenyewe. Mtaro haujafika nusu, na Jumamosi ijayo wananingoja."

Nilimsimulia yote; akanishika mikono, akaona malengelenge. Akaleta mafuta akanipaka taratibu, akiuliza huyo mama wa Ekalakala na wenzake wanapenda chakula gani, ili Jumamosi awapikie.