Siku Niliyoamuru Ndafu Irudi Nje

Naanza kwa kukiri, maana nisipokiri mimi mtaa mzima wa Olasiti utakiri kwa niaba yangu: yule "Rudieni" mnayemsikia akiitwa kutoka ng'ambo ya barabara, kisha akajifanya anafunga kamba za viatu hata kama amevaa kandambili, ni mimi. Jina langu la ubatizo ni Elibariki, limeandikwa vizuri kabisa kwenye cheti cha kidato cha nne (masomo ya jioni, miaka minne ya kusinzia juu ya dawati baada ya kazi, lakini cheti ni cheti), ila tangu siku ile hakuna anayelitumia isipokuwa mama yangu na mchungaji, na mchungaji mwenyewe nimeshamwona akijiuma mdomo.

Chanzo cha yote ni kijidude chenye ukubwa wa stempu.

Miaka ile kamera za dijitali ndiyo zilikuwa zimeanza kumwagika mjini, maduka yamejaa vitu vya Dubai mpaka vinaning'inia mlangoni, nami nikaona mtu msomi kama mimi siwezi kuendelea kuhesabu picha thelathini na sita za filamu kama mtu anayehesabu mayai, nikaiuza kamera yangu ya zamani iliyonilisha, nikanunua ya dijitali, nyeusi, nzito, nikiivaa kifuani watu wananipisha njia wakidhani nimetumwa na serikali. Na kazi ya kwanza kubwa niliyopata ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ya Aikande, binti wa jirani zetu. Baba yake ni Mchaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama yake ni Mmeru wa Kikwe, watu wazuri, Walutheri wa kukaa viti vya mbele.

Wiki moja kabla ya sherehe Aikande alinichukua twende Kikwe nikampige picha bibi yake mzaa mama, kwa sababu bibi alikuwa amevunjika nyonga na daktari alikataza asisafirishwe popote. Tulimkuta amelazwa barazani, blanketi mpaka kifuani, macho makali kama ya karani wa mahakama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kamera?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Basi sikiliza. Keki sitaki kuiona. Maua sitaki, hapa shambani ninayo. Huyu mtoto atakapomlisha mama yake nyama ya ndafu, hiyo ndiyo ninayoitaka. Siku namwoza mama yake nilikuwa jikoni nalia, sikuona kitu. Safari hii nataka nione mdomo wa mwanangu unavyocheka."

Mtu mwenye akili angesema, "Nitajitahidi, Bibi." Mimi nilisema, "Bibi, nitakuletea picha utaona mpaka jino la mwisho!"

Aikande alininong'oneza tukiwa tunatoka, "Kaka Eli, Bibi usimwahidi kitu kama huna uhakika. Bibi hasahau."

Nikacheka. (Nilikuwa nacheka sana siku hizo.)

Sasa kamera ilikuja na memori kadi ndogo mno, picha kumi na tano imejaa, hivyo siku mbili kabla ya sendofu nikaenda mjini kwa Mzee Hemedi, mtu wa Tanga aliyekaa Arusha muda mrefu mpaka anavaa sweta juu ya kanzu, duka lake ni dogo lakini kama kitu kinatumia betri anacho. Akaniwekea kadi mbili juu ya kioo. Moja ilikuwa na nafasi ya wastani, imeandikwa namba kubwa ya kasi, na bei yake inauma. Ya pili ilikuwa na nafasi mara nne ya ile, haijaandikwa kasi yoyote, na ilikuwa rahisi kuliko mwenzake.

"Chukua hii yenye kasi, mwanangu," akasema. "Kazi yako ni ya watu wanaotembea."

"Mzee Hemedi, mimi napiga picha za sherehe, sipigi mashindano ya magari. Bibi harusi anatembea hatua moja kwa dakika. Nipe kubwa."

Akavua miwani. Watu wa pwani wakivua miwani ujue unapewa elimu ya bure. "Elibariki, ukubwa ni ghala, kasi ni mlango. Una ghala la magunia elfu, mlango wake wa kupita panya. Mzigo ukija kwa lori, utauingiza saa ngapi?"

Nikamjibu (aibu hii hata sasa inaniwasha) kwamba mimi fizikia niliisoma, nikapata C, na kwamba kitu kikubwa kina nafasi zaidi kwa hiyo picha hazitasongamana mlangoni. Mzee akavaa miwani yake, akafunga ile kubwa kwenye karatasi, akasema "Haya, karibu tena," kwa sauti ya mtu anayejua kwamba utakuja tena.

Siku ya sendofu ikafika. Ilifanywa mchana, uani kwao hapo Olasiti, chini ya maturubai, kwa sababu wazee wa ukweni walitaka kurudi kwao mapema, na Mlima Meru siku hiyo ulikuwa umevua mawingu yote kama nao umealikwa. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri ajabu. Napiga picha moja, natembea, napiga nyingine, ile kadi inapata muda wa kumeza taratibu, nami najiambia Mzee Hemedi naye anazeeka.

Kisha emsii akapaza sauti: "Wageni wetu waheshimiwa, ndafu anakujaaa!"

Nanyi mnajua ndafu anavyoingia. Mbuzi mzima wa kuchomwa, amepigishwa magoti juu ya sinia, jani bichi la sale mdomoni, wanaume wawili wamembeba begani wanacheza hatua mbili mbele moja nyuma, akina mama wanapiga vigelegele, mpishi mkuu, baba mmoja mnene anayeitwa Baba Eliona, ametangulia na kisu akikipeperusha kama bendera. Damu ikanichemka. Nikaiweka kamera kwenye ule mtindo wa kupiga mfululizo, nikabonyeza, trrrrrr, nikapiga miguu ya wabebaji, trrrrrr, nikapiga kisu, trrrrrr, nikampiga mbuzi mwenyewe pande zote kana kwamba yeye ndiye anayeolewa. Mpishi akakata nyama ya begani, Aikande akaichukua kwa kijiti, akamgeukia mama yake, mama akafungua mdomo huku anacheka na machozi yanamtoka, kile kicheko hasa alichokiagiza Bibi, nikabonyeza.

Kimya.

Kitaa chekundu kinawaka, kinazima, kinawaka. Kamera inaandika. Nikabonyeza tena, kama mtu anayemgongea jirani aliyesafiri. Mama akatafuna. Mama akameza.

"Rudieni!" nikapiga kelele.

Watu wakacheka, nyama ikakatwa ya pili. Kitaa kikazimika, nikashusha pumzi, na kwa wasiwasi nikabonyeza mapema, trrrrrr, nikapata mkono wa mpishi mfululizo mzima, na mama alipofungua mdomo kitaa kilikuwa kinawaka tena.

"Rudieni!"

"Mpiga picha wetu ana kwikwi!" emsii akasema kwenye kipaza sauti. "Mpeni maji!"

Nyama ya tatu. Sasa mama hacheki tena, anatafuna kama mtu aliyepewa adhabu. "Elibariki, mwanangu," akasema mdomo ukiwa umejaa, "mimi nimeshiba."

Nami nikiwaza Bibi kule barazani Kikwe, nikiwaza jino la mwisho, nikaona dawa ni moja: furaha ianze upya kuanzia mwanzo, nami niuzime ule mfululizo nisubiri kwa utulivu. Nikasema kwa sauti ya mtu mwenye cheti, "Samahanini! Naomba ndafu irudi nje, iingie tena na muziki!"

Na ndafu ikageuzwa kweli, jamani! Wabebaji walikuwa wameshazoea kuamriwa na mimi, wakampandisha begani akiwa na bega moja wazi, di-jei akaurudisha wimbo, wakaanza kucheza kuelekea lango.

"Simamisha muziki!"

Aliyesimama alikuwa baba mkubwa wa Aikande, mzee mrefu mwenye fimbo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno zaidi ya kuitikia sala. "Tangu nizaliwe," akasema taratibu, "sijaona ndafu iliyokwisha katwa mbele ya wakwe ikatolewa nje. Kijana, maana yake ni nini? Tumeghairi? Unataka kesho na binti naye arudishwe hivi hivi, bega wazi?"

Upande wa wakwe mnong'ono ukapita kama upepo kwenye mahindi. Aikande akanitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza. Aibu hii haikuwa ya kwangu tena, ilikuwa imehamia kwake.

Emsii, kwa kutaka kuokoa jahazi, akasema, "Mzee, kijana ataomba msamaha kwa sale!" Maana kwa Wachaga jani la sale ndilo la kuombea msamaha, ukiletewa hukatai hata kama ulikuwa umeshachukua panga. Mtu yeyote mwenye subira angetoka nje ya ua akachuma kwenye uzio. Sale lilikuwa limepandwa pale uzio mzima! Mimi nikaona la karibu zaidi ni lile lililokuwa mdomoni mwa mbuzi.

Nikalishika. Halikutoka, Baba Eliona alikuwa amelibana na vijiti kati ya meno. Nikavuta. Nikavuta kwa mikono miwili, kamera ikibembea kifuani, nikavuta kwa imani, na kichwa kizima kikang'oka, kikaniponyoka, kikapaa juu ya meza ya wakwe na kutua kwenye mapaja ya baba yake bwana harusi, kikimtazama.

Katika kuhangaika kukidaka nilikibonyeza kile kitufe. Trrrrrr. Safari hii kamera haikugoma hata kidogo. Picha zile za kichwa cha mbuzi kikiruka mpaka leo ndizo kali kuliko zote nilizowahi kupiga maishani.

Baba mkwe akakitazama kichwa. Akamtazama baba mkubwa. Akasema, "Basi, wazee, sisi tumekuja kuomba binti, tumeanza kupewa kichwa. Tutakataaje?"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika Kisongo. Baba mkubwa mwenyewe alikaa chini akijifuta macho kwa leso. Mimi nilikuwa bado nimesimama na sale langu lenye mafuta, sijui nimpe nani.

"Lete hapa," akasema baba mkubwa. Akalipokea kwa vidole viwili. "Sale halikataliwi, hata likitoka mdomoni mwa mbuzi. Lakini faini ipo. Kesho utaibeba nyama ya yule bibi kwa mikono yako mwenyewe mpaka Kikwe, na utamweleza wewe, si mtu mwingine, kwa nini hana picha."

Usiku ule sikulala kabisa, na kesho yake nikaenda na Aikande na mama yake, mimi nimebeba beseni la nyama mapajani njia nzima na kamera shingoni kama kengele ya ng'ombe. Bibi alikuwa pale pale barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Picha iko wapi?"

Nikapiga magoti, nikaeleza yote, ghala na mlango, rudieni ya kwanza, rudieni ya pili, baba mkubwa, sale, kichwa. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera kile kichwa kikiwa angani. Bibi akaanza kutetemeka, nikadhani nimemuua, kumbe anacheka, anacheka huku ameshika nyonga anasema, "Acha, acha, utanivunja ya pili!" Kisha akajifuta uso kwa blanketi, akaacha kucheka.

"Lakini mimi niliomba kitu kimoja," akasema.

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ya Kikwe inifunike. Mama yake Aikande akainama, akatoa kipande cha nyama kwenye beseni, akampa Aikande mkononi. Aikande akamlisha. Nyama ilikuwa imepoa, hakukuwa na muziki, kuku walikuwa wanapita chini ya kitanda. Na mama akamtazama Bibi, akacheka na machozi yakamtoka, kicheko kile kile.

Nikapiga picha moja. Moja tu. Kitaa chekundu kikaanza kuwaka na kuzima.

"Umepiga?" Bibi akauliza bila kunitazama.

"Inaandika, Bibi."

"Iache iandike. Wewe sogea, unaniziba."

Nikasogea.

Tangu hapo nimeweka nadhiri mbele ya Mungu na mbele ya Aikande: neno "rudieni" halitatoka tena kinywani mwangu sherehe yoyote, mtu akila ameshakula, na jani halitolewi mdomoni mwa kitu ambacho hujui kimefungwa vipi. Na Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza dukani kwa Mzee Hemedi. Hakuniuliza nataka nini. Aliiweka ile kadi yenye kasi juu ya kioo, akavua miwani, akanitazama.

"Je, mzigo uliingia?"

"Uliingia, Mzee," nikasema. "Lakini kichwa peke yake."