Wasoma Maji wa Kipito cha Juu

Kama hujawahi kusukuma baiskeli isiyo na gia kupanda mlima huku upepo ukikurudisha ulikotoka, mzee huyu huwezi kumwelewa, wala usijisumbue kumcheka. Mjini walimwita Rula. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kusoma maji, na kila aliposema hivyo hakukosekana mjuaji wa kuuliza kama maji nayo yana herufi. Alijibu kwamba yana namba tu, na aliyeishia darasa la pili asijaribu.

Siku hizi anaishi na binti yake, fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili. Cherehani iko dirishani, vitambaa viko kila mahali, na ukumbini, pale ambapo nyumba za watu wengine huweka rafu ya viatu, imesimama baiskeli nyeusi juu ya gazeti la kunyonya oili. Binti amekwisha kuomba mara nyingi iuzwe. Mzee hujifanya hasikii, na masikio yake ni mazima kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya mji kulikuwa na kipito kati ya vilele viwili, na kila upande wa kipito kulikuwa na ziwa lenye maji ya baridi ya kuuma meno. Mji mzima ulikunywa kutoka huko, kwa hiyo ofisi ya maji ilitaka kujua kila Alhamisi maziwa yamepanda au yameshuka kiasi gani. Rula alikwenda na mwenzake aliyeitwa Mluzi, kwa sababu alipiga mluzi hata kwenye miinuko ambayo watu wengine humkumbuka Mungu. Walipanda baiskeli kwenye barabara ya changarawe mpaka ilipokwisha, wakazibeba mabegani kupita kwenye mawe, wakazipanda tena hadi kwenye kibanda cha bati pale kipitoni. Hapo walitengana kwa miguu, mmoja ziwa la kushoto, mwingine la kulia. Alhamisi iliyofuata walibadilishana. Ofisi ndiyo iliyotaka hivyo, ili kila mmoja amkague mwenzake bila kuonekana anamkagua.

Wakimaliza walikunywa chai ya chupa moja, wakashuka. Hapo ndipo Rula, hata leo, husimamisha hadithi kwanza na kutabasamu peke yake. Raba za breki zikinuka kuungua, machozi ya upepo yakielekea masikioni, na Mluzi mbele yake ameachia usukani na kupanua mikono, mtu mzima mwenye watoto watatu! Walikuwa pua na mdomo. Rula anasema hajapata tena kufurahi namna ile, na hasemi kwa kutia chumvi.

Sasa sikiliza lililoharibu mambo. Ziwa la kulia ulilisoma ukiwa nchi kavu, lakini la kushoto lilikuwa na vipimo viwili. Kimoja kilikuwa chuma kilichosimama ndani ya maji, na ili ukisome vizuri ulikunja suruali ukaingia mpaka magotini. Kingine kilikuwa alama za rangi zilizochorwa kwenye jiwe kubwa la ukingoni, cha akiba tu, kitumike iwapo chuma kingezama au kung'oka. Kanuni ilikuwa kusoma chuma. Rula alisoma jiwe. Alipokuwa mdogo alitolewa mtoni akiwa nusu mfu, na tangu hapo maji yanayopita kifundo cha mguu yalimtoa jasho. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Alilala kifudifudi juu ya jiwe, akainamisha kichwa, akaandika namba. Kwa miaka mingi jiwe na chuma vilikubaliana, naye akajihesabia haki.

Mwaka mmoja barafu ya msimu wa baridi ilisukuma lile jiwe. Lilishuka kidogo tu, jicho lisingeona. Lakini namba ziliona. Wiki ya Mluzi ziwa lilikuwa chini, wiki ya Rula lilikuwa juu kwa sentimita kumi na mbili, wiki ya Mluzi chini tena. Mkuu wa ofisi akawaita wote wawili, akalifungua daftari mezani, akauliza nani kati yao anapika namba.

Rula alijibu bila kupepesa. "Mimi sipiki, mzee. Labda umuulize mwenzangu. Siku hizi anakaa sana kibandani."

Uongo mtupu. Mluzi hakuwa mtu wa kukaa kibandani. Alimtazama Rula usoni, kisha kifuani, kisha akatazama sakafu. Mwezi haukuisha wakamhamishia kituo cha pampu huko tambarare, nusu siku kwa basi, na Rula akaachiwa maziwa yote mawili.

Kiangazi kilipofika maji yalirudi nyuma, na Rula akaona nyuma ya kitako cha jiwe, upande wa juu, mstari mweupe wa mwamba ambao haukuwa umewahi kuguswa na jua. Jiwe lilikuwa limeshuka. Alikaa pale mpaka akatetemeka kwa baridi. Ofisini aliandika mstari mmoja, kwamba jiwe la ziwa la kushoto limesogea na alama zifutwe. Mkuu alikuwa mpya, akamshukuru kwa umakini wake. Aliyeweza kuunganisha mambo hayo mawili alikuwa Rula peke yake, naye akafunga mdomo.

Alikusudia kwenda kuomba radhi. Wiki ijayo, mwezi ujao, mtoto akianza shule, mtoto akimaliza shule. Mkewe alipofariki, Mluzi alimpa dereva wa basi salamu za rambirambi amfikishie, na salamu hizo zilimchoma Rula kuliko tusi. Ikapita miaka ishirini na minne. Aibu nayo huota mizizi, bwana.

Mwaka huu ofisi iliamua kufunga mashine zitakazosoma maziwa zenyewe na kutuma namba kwa simu. Wakawaalika wasoma maji wa zamani kuja kipitoni kushuhudia. Gari sasa linafika mpaka kibandani.

"Baba, na yule rafiki yako wa zamani anakuja," binti alisema huku akikata uzi kwa meno. "Gari litakupitia saa mbili."

"Nakwenda na baiskeli."

"Kwa goti hilo?"

"Goti ni langu."

Alitoka alfajiri. Robo ya njia alipanda, iliyobaki alisukuma, na kila kona alitunga maneno mapya ya kusema, na kila kona akayaona hayafai. Alipofika, wageni walikuwa wameshateremka ziwani kuitazama mashine. Kibandani alikuwa amebaki mtu mmoja kwenye benchi, mwembamba, fimbo kati ya magoti.

"Umechelewa," alisema Mluzi.

"Nimekuja na baiskeli."

"Umeisukuma."

"Nimeisukuma." Rula aliiegemeza ukutani. Kila alichotunga njiani kilikuwa kimemtoka. "Ndugu yangu, lile jiwe lilisogea. Namba zako zilikuwa sawa. Mimi nilikuwa nasoma jiwe kwa sababu naogopa maji, nikakuchongea ili nisijulikane. Nisamehe."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Miaka kumi na mitano, bwana! Kila ukitoka ziwa la kushoto suruali kavu, shati kifuani limejaa ukoga wa jiwe. Mimi ni kipofu?"

Rula alishika mlango. "Mbona hukumwambia mkuu?"

"Nimwambie msoma maji wake anaogopa maji? Ungemwaga unga siku ileile. Na yule mtoto mliyempata ukubwani alikuwa na miezi minne. Mimi walinihamisha tu."

Mluzi aligonga fimbo chini, na sasa alikuwa amekasirika kweli.

"Lakini nilikukasirikia. Si siku ile, baadaye. Nilijua maji yakishuka utaliona jiwe. Nikasema, akiliona tu, huyo anakuja. Kila Alhamisi shemeji yako alikuwa anaweka kikombe cha tatu. Kule tambarare hakuna hata kichuguu cha kupandia baiskeli, nikawa nawaza, akija tutakuwa tunapanda huku siku za mapumziko, sisi wawili, bila daftari. Mwaka wa kwanza, wa pili. Mwaka wa tano nikamwambia aache kuweka kikombe."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe kabla sijafunga virago. Ungekuja siku yoyote tu." Alijipapasa goti moja, kisha la pili. "Nilikuwa bado na magoti."

Rula alilia pale mlangoni, kwa sauti, bila kujificha. Mluzi alimwacha alie. Kisha akasogea upande mmoja wa benchi, akamwambia akae, wageni bado wako chini ziwani.