Refu Tu

Kwa timu yetu ya Makongeni kila mtu alijua penye shida iko, na hata siku moja haikuwa kwake. Ukiuliza kipa, anakwambia tunakosa straika. Ukiuliza straika, anakwambia tutafute kipa mwenye mikono haijapakwa mafuta. Watu wa katikati walilaumu mabeki, na sisi mabeki tulilaumu fildi ati imelala upande. Mimi nilikuwa namba tatu, beki wa kushoto, na nilikuwa na orodha ndefu ya vitu tunakosa: kipa, beki wa kati, winga, straika, mpaka mtu wa kubeba maji. Beki wa kushoto hakuwa kwa hiyo orodha.

Usidhani ni kwa sababu nilikuwa moto sana. Nilikuwa nacheza kushoto na mguu wa kulia. Huu mwingine ni wa kusimamia tu. Mpira ukikuja, lazima kwanza nizunguke kama lori inatafuta mahali pa kugeukia, na nikimaliza kuzunguka, winga wa timu ingine ashafika kwa kipa wetu kumsalimia. Lakini nilikuwa na mdomo. Winga akinipita mguu, nampita maneno, na kuna wengine walikuwa wanakasirika hadi wanapiga mpira nje. Hiyo nayo ni kukaba.

Na nilikuwa napenda hiyo jezi. Wiki nzima mimi ni fundi, nachomea geti na madirisha hapo karibu na stage ya matatu, uso mweusi, macho nyekundu, watu wakiniita "wewe wa geti." Jumapili nikivaa namba tatu, wale wale wanaita "beki." Ni hiyo tu. Ukinitoa hiyo jezi, nabaki wa geti siku saba.

Sasa huku kwetu, kabla ligi ianze, kuna siku ya kuchagua. Timu zote za Thika na Ruiru zinakutana kwa fildi moja Ruiru. Vijana wenye hawana timu wanakuja wengi, wanawekewa selotepu mgongoni na namba kwa kalamu, wanachezeshwa kutoka asubuhi. Timu zinapiga kura na vifuniko vya soda kwa kofia kujua nani anachagua kwanza, halafu zinachagua kwa zamu, mtu mmoja mmoja, mara tatu. Ukishaita namba, huyo ni wako. Hakuna kurudisha.

Kocha wetu ndiye alikuwa aende, lakini hiyo Jumamosi msichana wa ndugu yake alikuwa na ruracio, wageni wanaleta mahari, na mbuzi lazima achinje yeye. Akaja kwa karakana yangu akanikuta nachomea hinji za geti, zile bawaba.

"Kijana yangu, utaenda wewe."

"Mimi? Kocha, nahodha je?"

"Nahodha ni mpole. Huko wanataka mtu mwongo. Ukimpenda mchezaji, unaangalia mwingine. Hiyo kazi unaiweza."

Nikamshukuru. Ni matusi lakini ilikuwa imevaa suti.

Akaniuliza nikipewa hizo nafasi tatu nitaanza na nini. Vijana wote walikuwa wameshaniambia straika, straika, straika. Nikamwonyesha ile geti. Nikamwambia kila mteja akikuja hapa anauliza rangi. Anataka dhahabu, anataka simba mbili juu. Hakuna mtu anauliza hinji, na geti ikianguka siku moja haitaangushwa na rangi. Straika ni rangi. Mimi nitaanza na hinji: kipa, halafu mabeki, halafu kama kuna nafasi imebaki, tupake rangi.

Kocha akatingisha kichwa. "Hapo umesema. Na ujue hinji gani imekatika. Tukianza vile tulimaliza mwaka jana, tunashuka." Akaniangalia muda mrefu kidogo kuliko vile nilitaka. "Hiyo siku nitakupigia simu nikwambie nimeamua nini."

Jumamosi nikafika Ruiru mapema, nimevaa shati ya kanisa ili nikae kama mtu wa maamuzi. Nikachomoa kifuniko kwa kofia, nikapata ya pili. Nyuma yangu, ya tatu, alikuwa mchaguzi wa timu moja ya Ruiru, mzee wa tumbo, amevaa kofia ya baridi na jua inawaka. Tukasalimiana kama wezi wawili kwa duka moja.

Saa nne kocha akapiga. Huko kwake wamama walikuwa wanaimba, mbuzi analia, mtu anajaribu maikrofoni.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, kocha!"

"Namba moja, refu tu! Kabra ya kitu ingine yote, refu tu!"

"Refu tu?"

"Ĩĩ! Refu tu! Ndio shida yetu yote mwaka jana! Umesikia?"

"Nimesikia, kocha."

Simu ikakatika. Nikaona ni maneno ya akili. Mwaka jana tulikuwa tunafungwa na kona hadi unadhani tumekubaliana. Warefu tu, basi. Na kwa roho nikasikia raha fulani, kwa sababu mimi si mrefu, si mfupi, na hakuna mtu amesema kitu juu ya kushoto.

Zamu ya kwanza nikaita kipa, namba kumi na nne, kijana wa Wendani mwenye akisimama kwa goli anafanya goli ikae kama mlango wa choo. Hapo sikukosea na mpaka leo sijakosea. Zamu ya pili nikaita beki wa kati, mrefu kushinda kipa. Alikuwa anainama kuongea na watu. Wazee kwa laini wakaanza kucheka. Yule mzee wa kofia akanigusa bega.

"Nyinyi wa Thika, mnaunda timu ama mnaunda fensi?"

"Fensi, mzee. Tumechoka na ng'ombe za Ruiru kuingia kwa shamba."

Akacheka hadi tumbo ikacheka pia. Tukawa marafiki, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake, kwa sababu mtu akishacheka na wewe anasahau kunyamaza.

Kabla ya zamu ya mwisho wakachezesha mechi moja ndogo. Mimi nilikuwa nimeshaangalia wangu. Kulikuwa na straika, namba tisa kwa selotepu kama bahati, asubuhi alifunga mawili na akaruka sarakasi. Nilijua nikirudi Makongeni na yeye nitabebwa juu juu. Mrefu pia, si sana, lakini kocha akiuliza naweza sema nilimwona akiwa ameruka.

Mzee wa kofia akanong'ona, na mzee akinong'ona Ruiru anasikika Juja. "Zamu hii mimi nabeba yule refu tu."

Nikacheka. "Mzee, umechelewa. Warefu wote wako kwangu."

"Warefu gani? Nani amesema warefu? Yure! Refuti!"

Akanyoosha kidole. Nikafuata hicho kidole hadi mwisho, na mwisho wake kulikuwa na mtu mfupi kuliko watu wote kwa fildi. Thelathini na moja. Selotepu ya namba ilikuwa imefunika mgongo wote. Kijana wa kupakia mawe ya kujenga huko Juja, nilikuja kujua baadaye, mabega kama meza. Na mpira ulikuwa kwa mguu wake wa kushoto umetulia kama paka. Yule beki wangu mrefu akamwendea. Kijana akagusa mara moja kwa nje ya mguu, na fensi yangu ikaanguka, yote, kutoka juu hadi chini, polepole.

Refuti. Lefti. Mtu wa mguu wa kushoto, na ndiye kocha alikuwa anataka kwa simu.

Sasa sikiza, na hii sijawahi mwambia kocha. Mimi nimezaliwa hapo Thika, mahali L inageuka R kwa mdomo. Kwa nyanya yangu sahani "inaretwa" na mtoto "anarara" mapema. Nimekula "mchere" tangu nikiwa sina meno. Kocha mwenyewe amenifundisha mpira miaka mitano na hajawahi kusema L mahali yake hata mara moja. Hakuna mtu wa Thika anaweza kuambiwa "refuti" na asikie mtu mrefu. Labda awe anataka kusikia hivyo. Masikio yangu hayakuwa na ugonjwa. Yalikuwa yamevaa jezi namba tatu.

Nikasimama hapo kwa laini na hesabu ilikuwa rahisi sana. Timu ya kwanza ikaita mtu wao, winga fulani. Zamu iliyofuata ni yangu, halafu ya mzee. Nikiita straika, mzee anachukua refuti, kocha anarudi kutoka kwa mbuzi, namwambia simu ilikuwa na kelele. Ni ukweli hata. Wamama waliimba. Hakuna korti duniani ingenifunga.

Lakini nikakumbuka mechi ya mwisho ya mwaka jana. Kuna winga wa hapa Ruiru, hata si mbio sana, alinipita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne akasimama kidogo akaniuliza kwa heshima, "Brathe, familia haijambo?" Mimi, mwenye mdomo, nikamjibu, "Haijambo." Tulibaki kwa ligi kwa sababu kuna timu ingine ilikuwa mbaya kutushinda, na hiyo timu mwaka huu haiko. Nikaangalia ile straika inaruka sarakasi. Rangi. Rangi safi kabisa, dhahabu na simba mbili. Na mimi ndiye nilimwambia kocha hiyo maneno kwa mdomo yangu, nimeshika hinji kwa mkono.

Mtu wa kipaza sauti akaita, "Makongeni, ya mwisho!"

"Thelathini na moja."

Mzee akavua kofia. Kichwa kilikuwa kinatoka moshi. "Haiya! Wewe ni mwizi!"

"Mzee, umenionyesha na kidole."

"Ngoja kwanza. Si wewe ndio namba tatu ya Makongeni? Yure wa kuongea sana?"

"Ndio mimi."

"Sasa wewe utacheza wapi?"

"Hiyo ya kuongea. Nafasi iko."

Akacheka tena, lakini mimi hii mara sikucheka yote. Nikaenda kumsalimia yule kijana. Ukisimama naye unaona alikuwa anaogopa, alidhani hakuna mtu atamwita juu ya ufupi. Nikamwambia kwetu tunachukua warefu tu, kwa hivyo ajinyooshe kidogo akifika.

Jumatatu jioni nikaenda mazoezini na jezi kwa karatasi ya nailoni. Mama alikuwa ameifua, na mimi nikaikunja vizuri kuliko siku zote. Nikampatia kijana. Nikamwonyesha kola vile imevutika. "Hapo ndio mawinga wote wa Ruiru walikuwa wananishikilia wakipita. Wewe usiwaache washike." Akaivaa. Ilimfika magotini. Lakini mabegani ilimkaa kuliko vile iliwahi kunikaa, na hiyo sikumwambia.

Kocha akafika akinuka nyama bado. Akaangalia kipa, akatingisha kichwa. Akaangalia yule mrefu wa pili, akaangalia tena juu zaidi kutafuta uso. Halafu akaniangalia mimi.

"Na huyu mringoti ni wa nini?"

"Kona, kocha."

"Na refuti?"

Nikamwonyesha. Kijana alikuwa anapiga krosi kutoka kushoto, moja baada ya nyingine, zinaanguka mahali pamoja kama mtu anapanga mawe kwa lori. Kocha akahesabu krosi tatu na vidole. Ya nne akauliza bila kuniangalia.

"Hiyo siku kwa simu, ulinisikia vizuri?"

"Vizuri sana, kocha. Kutoka saa nne mpaka saa kumi hivi nilikuwa bado nakusikia."

Akatoa sauti fulani, sijui ni kicheko ama ni nyama inashuka. Akaniangalia miguu, ule wa kulia haswa.

"Sasa wewe unangoja nini hapa? Enda raiti. Nani alikwambia mguu yako ilikuwa ya kushoto?"

"Ni wewe, kocha."

"Mimi niliskia vibaya pia. Enda."

Nikakimbia nikavuka fildi yote hadi kulia. Nikapata kuna mwenyewe, beki wetu wa kulia wa siku zote, amesimama na mikono kiunoni, ananitazama kama mtu amekuta geti yake imefunguliwa. Alikuwa ananijua. Ni yeye alisema mwaka jana shida yote iko kushoto, na mimi nikamwambia ashughulike na upande wake.

"Wewe, unatafuta nini huku?"

"Tulia, brathe. Nimekuja tu kukusalimia. Familia haijambo?"