Goti Lililotembea Peke Yake Katika Stoo ya Waru

Ukungu wa Kibirichia hauombi ruhusa. Asubuhi unaingia stoo yangu kama mteja wa zamani, unapita juu ya magunia ya waru, viazi vyetu, unakaa. Mpaka leo nikifumba macho naiona stoo ile imejaa ukungu, na katikati ya ukungu vinyota vinaruka, vinatua, vinaruka tena. Nikisimulia hivyo watu wanadhani uzee umenianza. Bado. Niliviona kwa macho yangu.

Lakini kwanza mjue stoo yenyewe. Huku kwetu juu mlimani hakuna nyingine kama ile. Niliijenga mimi, mtu aliyeachia shule darasa la nne. Paa lake lori linaingia chini yake likiwa limebeba. Na sakafu! Simiti ile niliisimamia mwenyewe mpaka ikakauka, ikakaa sawa kama maji kwenye sufuria. Ukiweka kiazi cha mviringo juu yake hakiendi popote. Ni sakafu hiyo iliyowaleta watafiti wa magoti, si kingine.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kuwakaribisha. Goti langu la kulia lilikufa nikiwa kijana, uwanjani Muthara, siku ya soko. Nilikuwa winga wa kuogopwa; waulize waliobaki. Mpira ulikuja juu, nikaruka, nikaushusha kwa kifua, nikatua. Basi. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia kitu ndani kikilia kama ukuni mkavu, halafu nikaona mawingu tu. Wengine walisema nimerogwa, kwa maana mtu anaangushaje mguu wake mwenyewe? Tangu hapo goti langu linajua mvua kabla ya redio.

Sasa binti yangu wa mwisho, mwari wangu, alitoka na miguu yangu. Mwalimu wa michezo wa shule moja kule Embu alikuja mpaka nyumbani, akanywa chai, akasema anamtaka kwenye timu yake ya mpira ya wasichana. Mama yake akafurahi. Mimi nikasema ngoja.

"Baba," mtoto akaniambia, "goti lililovunjika ni lako."

"Na hilo lako ulilitoa duka gani?"

Akachukua mpira akatoka nje. Lakini usiku na mchana nilikuwa naota kitu kimoja: anaruka, na hakuna anayemgusa.

Ndipo akaja daktari. Simwiti daktari wa sindano; alikuwa mama msomi wa chuo kikuu, mpole, koti lake limejaa mifuko. Alikuwa akitafuta jengo refu lenye sakafu iliyonyooka, apime wasichana wanaocheza mpira, aone ni kina nani wanatua vibaya kabla hawajaumia. Nikamwambia stoo ni yako bure, ila nina sharti. Uniambie goti la mwari wangu litavunjika au halitavunjika.

"Tutapima, mzee," akasema.

Magunia tukayasukuma pembeni. Wapagazi wangu wakasimama mlangoni na vicheko vyao.

"Boss, leo tunauza magoti?"

"Kwa kilo au kwa debe?"

Nikawafukuza, wakarudi. Ndani kamera zilisimama pande zote kwenye miguu yao mitatu, kama korongo wanaosubiri mtu alime. Wasichana walibandikwa vitufe vidogo vinavyong'aa, kwenye nyonga, paja, goti, kifundo cha mguu. Kisha wanapanda sanduku la mbao, wanajiangusha chini, na wakigusa sakafu wanaruka juu kwa nguvu zote. Kwenye skrini ya kompyuta msichana hayupo. Hakuna uso, hakuna sketi. Kuna vitufe tu, vyeupe, kwenye weusi.

Mwari wangu alipotoka kwenye sanduku kutembea arudi foleni, nilikuwa nimeinamia ile skrini. Nikaona vinyota vikitembea. Na mwendo ule, naapa, ulikuwa wa mama yangu. Mama alikufa huyu mtoto hajazaliwa. Lakini alikuwa pale, anateremka kutoka shamba la juu na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, anainua mguu wa kushoto kwa kuchelewa kidogo kana kwamba anausikiliza. Nilinusa hata udongo. Nilikaa juu ya gunia nikawaambia ni ukungu unanikereketa macho.

Siku hiyo jibu lilikuwa baya. Daktari hakutaka kunionyesha, lakini mimi si mtu wa kufichwa kitu ndani ya stoo yake. Mwari wangu akitua, goti lake la kulia lilikuwa linaanguka ndani, kuelekea mwenzake, vibaya kuliko wasichana wote.

"Kwisha," nikasema. "Embu haendi."

Mtoto akalia. Mama yake akaenda zake jikoni akagonga sufuria.

"Mzee, bado," daktari akasema. "Nimepima mara moja tu. Wewe ukiletewa mizani mpya, unaiamini kwa gunia la kwanza?"

"Siwezi. Napima, nashusha, napima tena."

"Na ikisema kingine?"

"Naitupa."

"Basi niache nami nishushe, nipime tena. Siku nyingine, na mwenzangu ndiye abandike vitufe, si mimi. Tukipata tofauti kubwa, kipimo changu ndicho kibovu, si mtoto wako."

Wakarudi wiki iliyofuata. Mtoto alikuja mbio kutoka shambani alikokuwa anachimba waru, akanawa miguu kwa maji baridi, akapanda sanduku. Na goti likatua karibu limenyooka kabisa, zuri, kama la askari.

Hapo nikapandwa na hasira. "Hizi kamera zenu ni waganga! Leo mgonjwa, kesho mzima!" Maana mtu anaweza kuishi na habari mbaya, au na nzuri. Lakini mbili pamoja zitalala kitanda gani?

Daktari alivuta kiti, akarudisha picha za siku ya kwanza, akazitazama polepole mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaniita. Kwenye skrini mwari wangu alikuwa amesimama juu ya sanduku, anasubiri kuambiwa ruka. Vitufe vyote vimetulia. Ila kile cha gotini kilikuwa kinateremka, taratibu, kama tone la asali.

"Unaona?" akasema kwa sauti ya chini. "Binti amesimama. Goti linatembea."

Nilidhani tumefika mambo ya mizimu. Yeye akamgeukia mama watoto, aliyekuwa ameleta uji.

"Mama, ile siku ya kwanza, mtoto alijipaka nini?"

"Mafuta," mke wangu akasema.

"Mafuta gani?"

"Ya kukamulia. Kila mtu hapa anajipaka ya kukamulia, baridi hii. Ulitaka wageni wa chuo kikuu wamwone na miguu ya kijivu? Waseme ni mtoto wa nani?"

Wapagazi walicheka mpaka mmoja akakalia debe la uji. Wasichana nao wakaanza kushtakiana, nani alipakwa mpaka mapajani, nani mama yake alirudia mara ya pili getini. Ndivyo tulivyo. Mafuta yale ni ya chuchu za ng'ombe, lakini huku juu nyumba inapimwa kwa miguu ya watoto wake kung'aa. Mke wangu alikuwa amelipaka goti lile la kulia zaidi ya yote, akilisugua na kuliombea, kwa sababu yangu.

Basi miguu yote ikapanguswa kwa spiriti. Mwari wangu akapimwa upya, daktari akibandika. Vitufe vikatolewa, mwenzake akabandika, akapimwa tena. Na baada ya siku kadhaa tena. Safari hii majibu yakakaa karibu karibu, kama ndugu. Goti liliingia ndani kidogo. Si sana. Kidogo.

"Sasa tunaweza kuyaamini," daktari akasema.

"Vizuri. Litavunjika?"

"Sijui."

Nimetoa stoo yangu bure, magunia yangu yamelala pembeni, halafu naambiwa sijui?

"Mzee, mizani yako ikiwa nzuri, inakuambia uzito wa gunia leo. Inakuambia ni lini waru itaoza?"

"Hiyo haiwezi."

"Hata yangu. Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya. Ninachoweza ni kumfundisha kutua."

Akamfundisha pale pale. Atue kimya, kama paka anayeshuka kutoka juu ya meza, magoti yafuate vidole vya miguu. Tok, tok, tok kwenye sakafu yangu, mpaka sauti ikapotea, ukabaki ukungu na mtoto anayeruka ndani yake. Nimefanya biashara na watu wengi, wa mtaa wa Majengo na wa kwingine kote, na wote wenye majibu ya haraka walinipa waru yenye mawe chini ya gunia. Huyu mama alikuwa amekaa mbele ya mashine zake zote akasema sijui. Jioni ile nilimwambia mke wangu amfungie mtoto nguo zake.

"Umeambiwa halitavunjika?" akauliza.

"Sikuambiwa."

"Na anaenda?"

"Anaenda. Na asijipake yale mafuta mengi, atateleza."

Niliteremka Embu kwa mechi yake ya kwanza. Kule chini jua lina uzito, uwanja una vumbi jekundu. Nilivaa kofia yangu nzuri, nikawaambia wote waliokuwa karibu kwamba yule wa pembeni ni wangu, na kwamba goti lake limepimwa na chuo kikuu. Wakaitikia kwa heshima.

Kisha mpira ukaja juu. Akaruka. Nikauona uwanja wa Muthara, mawingu yale yale, hakuna mtu karibu yake, hakuna wa kumgusa.

"Ametua vipi?" nikamuuliza mzee aliyekuwa kando yangu.

"Nani?"

"Huyo wa pembeni. Aliyeruka!"

"Kwani wewe hukuwa unatazama?"

Nilikuwa nimefumba macho. Mimi, niliyetoka Kibirichia kuja kutazama goti.

"Baba," mzee akasema, "hayo yamepita. Angalia kule."

Nikaangalia. Alikuwa mbali tayari, upande wa pili wa vumbi, na vumbi lilikuwa limemeza uso na jezi na namba mgongoni. Kulibaki mwendo tu, ule wa kuinua mguu wa kushoto kwa kuchelewa kidogo, unateremka, unakimbia.