Maji ya Moto kwa Watoto Njiti

Mwanangu wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake, katika miezi ya baridi, miaka ile ambayo maduka ya Lushoto yalikuwa yameanza kujaa sabuni. Ambao hawakuishi enzi za foleni za bidhaa hawawezi kuelewa furaha hiyo. Tulikuwa tumezoea kufulia majivu na kugawana mche mmoja wa sabuni nyumba nzima, halafu ghafla ikawa ruksa kuleta bidhaa kutoka nje, na kila kibanda sokoni kikawa kimepanga sabuni za rangi ya waridi, za kijani, za kunukia limau. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa Tanga mjini niliyeolewa na Msambaa wa Malindi, kijiji cha hukohuko milimani. Mume wangu alikuwa ameacha kazi ya ofisini akaingia kwenye biashara ya kabichi na karoti, anazipakia kwenye lori la kukodi na kuzishusha Dar es Salaam. Uchungu uliponishika, yeye alikuwa safarini.

Nilijifungua hospitalini mtoto wa kiume mdogo kiasi kwamba niliogopa kumgusa. Wakunga wakamfunga pamba na blanketi, wakamwekea chupa za maji ya moto pembeni, wakampeleka kwenye chumba cha watoto njiti. Kilikuwa chumba kidogo mwishoni mwa wodi ya wazazi, chenye dirisha lililotazama uani. Nje ya mlango palikuwa na kigoda, juu yake ndoo ya plastiki yenye koki, na chini karai la kupokea maji. Hapo ndipo nilipokutana na muuguzi aliyekisimamia chumba hicho.

Alikuwa mwanamke wa Kipare, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Hongera, mama. Vua bangili."

"Sista, hizi ni za ndoa. Sijazivua tangu siku ile."

"Ndoa itakusubiri hapa nje. Vua, nawa mpaka kwenye viwiko, kisha uingie umwone mwanao."

Alizitoa mwenyewe kwa sabuni, polepole, bila kuniumiza, akazifunga kwenye ncha ya kanga yangu. Halafu akanikata kucha. Niliingia mle ndani nikijiona kama nimevuliwa nguo, lakini nilipomwona mwanangu akipumua kwa shida ndani ya pamba, nilisahau bangili.

Sheria za muuguzi zilikuwa chache na hazikuwa na mlango wa nyuma. Anaingia mama peke yake. Kila anayeingia ananawa, hata daktari. Kikombe na kijiko cha kumnyweshea mtoto maziwa vinachemshwa kila baada ya kutumika, na mtoto hawekwi kwenye kitanda cha mwenzake hata kwa dakika moja. Hospitali wakati huo ilikuwa imeanza kutuambia tuchangie, kwa hiyo sabuni tulinunua wenyewe, na glavu mtu alizifuata kwenye maduka ya dawa ya watu binafsi yaliyokuwa yakifunguliwa mjini.

Mama mkwe alifika kesho yake asubuhi kutoka Malindi, amebeba chupa ya uji, makande kwenye bakuli lililofunikwa, na uzi mweusi uliosomewa, wa kumfunga mjukuu mkononi. Alikuwa mkulima tangu utoto wake, na udongo wa bustani za kabichi ulikuwa umeingia kwenye mikunjo ya vidole vyake usitoke tena. Muuguzi alimwamkia kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumpokea mjukuu wangu."

"Karibu sana. Lakini humu anaingia mama yake tu. Na huo uzi, mama, naomba usifungwe. Unashika uchafu, na huyu mtoto ngozi yake bado ni nyepesi kama utando wa yai."

Mama mkwe alinigeukia, akaniambia kwa Kishambaa maneno marefu ambayo sikuyaelewa yote, ila nilielewa kwamba kwao mtoto akikosa kupokewa na bibi yake ni kama hajazaliwa. Muuguzi alisubiri mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Nenda pale dirishani, mama. Binti yako atamwinua umwone."

Akaenda. Nilimwinua mtoto mbele ya kioo. Mama mkwe alikaza macho kwa muda, halafu akaashiria kwa kidole: miguu. Nikafunua blanketi kidogo. Akaitazama ile miguu myembamba, akacheka, na machozi yakawa yanamtoka. Ule uzi aliufunga kwenye nondo ya dirisha, upande wa nje. Muuguzi aliuona, akauacha.

Tangu hapo hakurudi Malindi. Alihamia kwenye banda la nyuma ya hospitali, mahali ndugu wa wagonjwa walipopikia, kila familia na mafiga yake.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi kwa umri, mke wa mkulima wa bondeni. Naye alikuwa na binti njiti, mkubwa kidogo kuliko wangu na mwenye nywele nyingi. Tulikuwa tunakaa pamoja tukikamua maziwa, tumejitanda mashuka mabegani kwa baridi, na yeye akinifundisha Kishambaa. Kila asubuhi alinishtukiza kwa salamu ya kwao ya asubuhi: "Onga maundo." Nisipojibu vizuri alinirudisha mwanzo kama mwanafunzi. Mimi, mwalimu, nilikuwa najibu tena na tena huku akicheka mpaka maziwa yanamwagika. Sijawahi kuwa na rafiki wa haraka hivyo. Tulijua mambo ya waume zetu, ya mawifi, ya utoto, yote kabla hatujaweza kuvuka uwanja kwa miguu yetu.

Siku moja asubuhi binti yake alikataa maziwa. Mwili ulikuwa moto, na ngozi kuzunguka kitovu ilikuwa nyekundu. Muuguzi alimtazama, akamwita daktari, na dawa ikaanza kuchomwa mchana huohuo. Kitanda chake kikahamishiwa chumba kingine. Jioni mtoto mwingine naye akawa na joto.

Sikuwahi kumwona muuguzi amekasirika, na siku hiyo pia hakukasirika. Alisugua sakafu pamoja na mhudumu, akafuta vitanda kimoja kimoja, akatoa mapazia. Kisha akaleta kiti, akakaa karibu na ndoo, akawa anatutazama tunavyonawa. Maji yalikuwa yametoka mlimani. Asubuhi za Julai maji hayo yalikuwa yanauma mpaka kwenye mifupa. Mama mmoja alichovya ncha za vidole. Wa pili vivyo hivyo. Nilipofika mimi, nilijitahidi kwa sababu natazamwa, na bado nilishindwa kufika kwenye viwiko.

"Siwalaumu," alisema. "Leo nimejitazama na mimi. Nimenawa harakaharaka kama ninyi. Zamani tulikuwa tunaletewa kuni, tunachemsha maji huku nyuma. Siku hizi kuni haziji, na ule mtambo wa maji ya moto umekufa; kijiko cha mafuta ya taa kinatosha vikombe na chupa za watoto tu. Nimeomba, nimeambiwa nisubiri."

Mama mkwe alipokuja dirishani kuleta chakula nikamsimulia. Alinisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Kumbe shida ni maji ya moto tu?"

"Ndiyo, mama."

"Sisi pale bandani moto unawaka tangu alfajiri mpaka jioni. Mbona hakuna aliyetuambia?"

Nikamwambia muuguzi. Akavua aproni yake, akazunguka mwenyewe mpaka bandani. Wanawake wa bandani walinisimulia baadaye kwamba alichuchumaa kati ya mafiga kama mgeni aliyekuja kuposa, akaeleza anachokitaka: maji yachemke kabisa, yamiminwe kwenye ndoo yenye mfuniko, na asitokee mtu wa kuchovya kikombe humo. Mama mkwe akamuuliza, "Na tukikuletea, utatuambia tena tukae mbali na wajukuu wetu?"

"Nitawaambia, mama. Mpaka wakue kidogo."

Wakacheka, na yeye akacheka. Kuanzia hapo wakapeana zamu. Mwenye kuni nyingi alichemsha sana, asiye nazo alibeba ndoo. Asubuhi tulikuwa tunasikia sauti ya mama mkwe nje ya mlango, "Maji yenu hayo," na mvuke unapanda kwenye ule ukungu. Tulichanganya na ya baridi kidogo, tukanawa mpaka kwenye viwiko, taratibu, kwa raha. Ilifika mahali tukawa tunagombea kunawa. Harufu ya ile sabuni ya limau ikichanganyika na moshi wa kuni, nikiikuta popote leo, nasimama.

Yule mtoto wa pili alipata nafuu. Wengine hawakuugua tena. Binti wa rafiki yangu hakupona. Alifariki adhuhuri, mama yake akiwa amemshika. Kama aliupata ugonjwa ule kwenye mikono yetu, au alizaliwa nao, hakuna aliyeweza kusema, na muuguzi alipoulizwa alijibu kwamba hajui. Alikaa na rafiki yangu sakafuni, amemshika mkono, mpaka mumewe alipofika na sanda.

Mimi sikuruhusiwa kwenda mbali na mwanangu. Nilimkumbatia rafiki yangu mlangoni, nikamwambia pole kwa Kishambaa alichonifundisha, na nikakosea, naye hakunisahihisha. Mama mkwe na wanawake wa bandani walizima mafiga yao wakamsindikiza mpaka stendi. Siku hiyo chakula changu kilikuja alasiri, kimepoa.

Mwanangu alianza kunenepa. Mume wangu alirudi, akawa anasimama dirishani kila siku na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Siku tuliyoruhusiwa alitufuata na lori lililokuwa limeshusha mzigo, likinuka kabichi, na mama mkwe akakaa mbele nasi. Muuguzi ndiye aliyemkabidhi mtoto. Mama mkwe alinyoosha mikono iliyosuguliwa mpaka ikapauka, akampokea, na mpaka tunafika Malindi hakukubali kumtoa mapajani mwake.

Nyumbani aliweka karai na sabuni kwenye kibaraza. Wajomba, majirani, hata mzee aliyekuja kusoma dua, wote walinawa kabla ya kumshika mtoto. Kijiji kikaanza kumwita sista, naye akawa anaitika. Alifanya hivyo kwa kila mjukuu aliyefuata, miaka yote, mpaka Mungu alipomchukua.

Rafiki yangu nilionana naye tena baada ya muda mrefu kidogo. Alinitumia salamu na wauza mboga kwamba amejifungua mtoto wa kiume, safari hii kwa wakati wake. Nikashuka bondeni siku ya mapumziko. Tulikaa nyuma ya nyumba yake tukimenya maharage, mtoto amelala katikati yetu kwenye kanga. Tukazungumza habari za binti yake, jinsi alivyokuwa na nywele nyingi na alivyokuwa akikunja uso kabla ya kupiga chafya. Mumewe hakuwahi kumwona akiwa hai, aliniambia; hapa duniani ni mimi na yeye tuliokuwa tunakumbuka ile chafya. Akaiigiza. Nami nikaiigiza. Tukaendelea kumenya maharage mpaka jua likahamia upande wa pili wa mlima.