Bi Tuneya Atafuta pa Kuhamia

Katikati ya miaka ya hamsini, baada ya mafuriko, karani wa serikali alisoma tangazo rasmi kwamba ukingo wa mto karibu na Garsen haufai kukaliwa na binadamu, na kila mkazi atafute kwingine. Bi Tuneya, mjane mkulima wa mpunga, alikuwa na pa kuchagua: kisiwani Lamu kwa bintiye Arafa, au mjini Malindi kwa mwanawe Dhadho.

Alianzia Lamu. Siku ya kwanza akanawa miguu kama alivyozoea mtoni, akamaliza mtungi mzima.

"Mama! Hayo ndiyo maji yetu ya kunywa mpaka kesho!"

"Maji yamewazunguka pande zote, mwanangu, nanyi mnayapima kwa kata?"

Malindi maji hayakuwa ya kupimiwa, ila mchele ulitoka dukani, umeshakobolewa na mtu asiyemjua. Bi Tuneya alishinda barazani, mikono mapajani, akilikumbuka tope la mtoni lilivyokuwa baridi chini ya nyayo maji yakishuka, na wanawake wakitaniana huku wakipanda.

"Sasa mama, umechagua wapi?" Dhadho akauliza.

"Nimeshachagua. Nifungie mzigo wangu."

Baada ya mavuno, karani aliyesoma tangazo alimfuata kulekule ukingoni kununua mchele, akapewa kiti.