Mfamasia Aliyenguruma

Mfamasia wa mtaani kwetu huongea kwa sauti ya chini mno, hata wateja huinamia kaunta ili wamsikie. Kila bahasha ya dawa huilaza mikunjo kwa kidole gumba, kisha husema, "Ugua pole, mama," kama anayebembeleza mtoto. Sikujua zaidi ya hayo mpaka shemeji yangu, mpiga fidla, alipotualika kwenye onyesho la bendi yao ya muziki wa metali, ule wa magitaa makali na ngoma za kasi. Walianzia gereji, wakafukuzwa kumbi kadhaa kwa kelele, mwishowe wakaongeza fidla na kwaya, wakapendwa hadi ng'ambo.

"Njooni, ni la mwisho," alisema. "Koo la mwimbaji wetu limeharibika. Daktari kamkataza."

Taa zilipowaka, nusura nianguke. Alikuwa yeye, ndani ya joho jeusi, ananguruma kama ardhi inayopasuka.

"Huyu si yule wa dawa?" nilimuuliza mke wangu.

"Ndiye!" Macho yalikuwa yamemtoka.

Katika wimbo wa mwisho alifungua kinywa, sauti isitoke. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama. Fidla zikaendelea zenyewe, na hapo ukumbi mzima ukaanza kumngurumia maneno yake. Akashusha maikrofoni, akasimama kutusikiliza huku machozi yakimchuruzika. Nami, nisiyejua hata neno moja la wimbo ule, nikajikuta nanguruma.